Swali Kabla ya Sindano

Fomu nyingi zinazofika kwenye chumba cha kupimia mishipa ya fahamu huwa na maneno machache tu: "ganzi miguuni, apimwe neva." Aliyeibeba fomu hiyo amelala ndani ya basi usiku kucha, ndugu wamemchangia nauli na gharama ya kipimo, na amekuja akiamini kwamba mashine itamweleza daktari kila kitu. Miaka niliyoitumia katika kazi hii imenifikisha kwenye msimamo ninaoutetea hapa: kipimo cha umeme cha neva na misuli hujibu swali la daktari aliyekwisha kumgusa mgonjwa, na pale ambapo hakuna swali, mgonjwa hurudi kwao na karatasi yenye namba nyingi zisizomsaidia. Tunalalamikia uhaba wa mashine, na ni haki yetu kulalamika. Lakini mashine zilizopo zinatuonyesha tatizo jingine, kwamba tumeanza kuomba kipimo ili tusihangaike kumchunguza mtu. Nyundo ya kugongea magoti haitoki mfukoni, soksi za mgonjwa hazivuliwi, naye anaandikiwa rufaa.

Ili hoja yangu ieleweke, msomaji inafaa aione kazi yenyewe kwa karibu. Kipimo kina sehemu mbili. Ya kwanza ni kupima mwendo wa umeme ndani ya neva. Vibandiko vya chuma vilivyopakwa jeli huwekwa juu ya msuli mdogo ulio kwenye shina la kidole gumba, kisha neva hushtuliwa kwa umeme mdogo kwenye kifundo cha mkono, halafu tena kwenye kiwiko. Mashine huonyesha muda uliopita tangu mshtuko mpaka msuli ulipoitika. Tuseme kutoka kifundoni ulikuwa milisekunde 3.6, na kutoka kiwikoni 8.0. Tofauti ni milisekunde 4.4. Utepe wa kupimia ukionyesha kwamba kati ya sehemu hizo mbili kuna sentimita 24, ukigawanya unapata kasi ya mita 54 na ushei kwa sekunde. Kwa mtu mzima hiyo ni kasi nzuri, kwa kuwa mkononi tunatarajia zaidi ya mita 50 hivi, na mguuni zaidi ya 40 hivi. Hermann von Helmholtz alipiga hesabu ya aina hii kwa neva ya chura huko Königsberg mwaka 1850, wakati ambapo hata mwalimu wake, Johannes Müller, alishaona kwamba kasi hiyo haitawezekana kupimika.

Sasa tazama namna namba hiyo inavyoyumba. Utepe ukivutwa vibaya kwa sentimita 1 tu katika hizo 24, kasi inapanda hadi karibu mita 57. Kipande kikiwa kifupi, kama sentimita 8 za kiganjani, kosa hilohilo la sentimita 1 huharibu jibu kwa zaidi ya asilimia 12. Halafu kuna baridi. Ngozi ikipoa kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, kasi ya neva hushuka kwa mita 2 hivi kwa sekunde. Mguu wa mtu aliyefika alfajiri ya Julai akitoka Makete, au aliyeketi saa nzima chini ya kiyoyozi akisubiri zamu yake, unaweza kuwa na nyuzi 26 badala ya 31. Neva yake nzima inayosafiri mita 46 kwa sekunde itasomeka kama 36, na mtu asiye na ugonjwa wowote wa neva atapewa jina la ugonjwa atakaokaa nao maisha yake yote. Maji ya uvuguvugu na taulo huondoa kosa hilo kwa dakika chache. Nayaeleza haya kwa sababu watu huiona namba iliyochapishwa kama kitu kilichoshuka kikiwa kamili, kumbe kila namba imepitia mikononi mwa mtu, na mtu huyo akijua anatafuta nini ndipo anapojua pia wapi pa kuitilia shaka.

Sehemu ya pili ni sindano nyembamba inayoingizwa ndani ya msuli. Haiingizi dawa, kazi yake ni kusikiliza. Msuli wenye afya ukiwa umelegezwa huwa kimya. Msuli uliokatiwa neva yake hauwi kimya: nyuzi zake huanza kujishtukia zenyewe, moja moja, na spika ya mashine hutoa sauti ya manyunyu yanayoanguka juu ya bati. Mgonjwa akiambiwa akaze msuli, ukubwa na umbo la mawimbi vinasema kama tatizo liko kwenye neva au ndani ya msuli wenyewe. Ukiunganisha sehemu hizo mbili unapata maarifa ambayo mkono peke yake hauwezi kuyatoa. Mawimbi yaliyopungua kimo, kasi ikiwa nzuri, yanaashiria kwamba nyuzi zenyewe za neva zimekufa. Kasi iliyoshuka sana, au umeme unaokwama katikati ya njia, unaashiria kwamba utando wa mafuta unaozizunguka nyuzi ndio ulioharibika, na ugonjwa wa namna hiyo mara nyingi hutibika. Mtu mwenye maumivu yanayoshuka kutoka mgongoni hadi kidoleni anaweza kuwa na ganzi ya wazi, na bado neva zake za hisia zikajibu vizuri kabisa kwenye mashine, kwa sababu shina la neva limebanwa juu ya kiota cha seli zake na nyuzi zilizo chini yake zimebaki hai. Kwa asiyejua, majibu hayo ni "kawaida", maana yake hana kitu. Kwa aliyeuliza swali la mgongo, majibu hayohayo ni ushahidi kwamba tatizo liko mgongoni.

Hapo ndipo madhara ya fomu tupu yanapoonekana wazi. Mashine hupima nyuzi nene, zile zenye utando mzito na kasi kubwa. Nyuzi nyembamba zinazobeba joto na maumivu husafiri kwa mita 1 hivi kwa sekunde, na kipimo cha kawaida hakizioni kabisa. Malalamiko ya miguu kuwaka moto usiku, yanayoletwa kila wiki na watu wenye kisukari na watu wanaoishi na VVU, mara nyingi hutoka kwenye nyuzi hizohizo. Mama anasema hawezi kuvumilia shuka likigusa nyayo zake, karatasi inasema neva ni nzima, na daktari asiyejua mipaka ya kipimo anaamua kwamba mama ana msongo wa mawazo. Nimeona jambo hili likijirudia mara nyingi mno kuliita bahati mbaya. Kipimo hakikusema uongo. Kilijibu swali lingine, ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza.

Mfano mkubwa kuliko yote kwa eneo letu ni konzo. Ugonjwa huu huja ghafla: mtu aliyekuwa akilima jana, leo miguu yote miwili imekakamaa, magoti yanagongana, anatembea kwa ncha za vidole au hatembei kabisa. Chanzo chake ni kula kwa wiki nyingi mihogo michungu ambayo haikulowekwa wala kukaushwa ipasavyo, hivyo imebaki na sianidi, tena katika kipindi cha njaa ambapo mwili haupati protini ya kuiondoa sumu hiyo. Giovanni Trolli aliandika kuuhusu mwaka 1938 kutoka Kwango, Kongo. Mwaka 1981 uliikumba Nampula, Msumbiji, ukiitwa mantakassa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, ulifika Tarime mkoani Mara, na uchunguzi wa huko, ulioandikwa na William Howlett wa hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na wenzake, akiwemo Hans Rosling, ulichapishwa katika jarida la Brain mwaka 1990. Katika konzo kinachoharibika ni njia za amri zinazoshuka kutoka ubongoni. Neva za miguuni, zile ambazo mashine yetu inazipima, zimesalimika. Mpime mtoto wa konzo kwa mashine bora kuliko zote za kupimia neva za mguu, majibu yatarudi safi, na mtoto ataondoka akitambaa.

Konzo iligunduliwa kwa njia nyingine. Vigezo vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1996 ni vitatu: mwendo unaoonekana wazi kuwa umekakamaa kwa miguu yote miwili, anapotembea au kukimbia, historia ya ugonjwa ulioanza ndani ya muda usiozidi wiki moja kwa mtu aliyekuwa mzima, kisha usiendelee kuzidi, na magoti au vifundo vya miguu vinavyoruka kupita kiasi pande zote mbili vikigongwa, bila dalili za ugonjwa wa uti wa mgongo. Jicho, sikio na nyundo. Mhudumu wa zahanati aliyefundishwa vizuri anaweza kuvitumia vigezo hivyo chini ya mwembe. Baadaye mashine zilikuja kuthibitisha: ubongo wa wagonjwa wa konzo uliposhtuliwa kwa sumaku, amri haikufika kwenye misuli, ilhali neva za pembeni ziliitika. Lakini hata kipimo hicho cha sumaku kiliombwa na watu waliokwisha kugonga magoti na kujua kwamba swali liko juu, kwenye ubongo, na si chini, kwenye mguu.

Wakati nao una sheria zake, na hazijali haraka ya mtu. Chukua mtoto aliyechomwa sindano kwenye tako, kisha mguu ukaning'inia. Nchini Uganda madaktari wameandika kwa miaka mingi kuhusu watoto waliopooza mguu baada ya sindano za kwinini zilizochomwa takoni, pale ambapo neva kubwa ya mguu hupita. Ndiyo sababu inasisitizwa kwamba sindano kama hiyo ichomwe pajani, upande wa mbele kwa nje. Mzazi hutaka mtoto apimwe kesho yake, na ni nani asiyeuelewa uchungu huo? Lakini neva iliyokatika leo haifi yote leo. Kipande cha chini ya jeraha huendelea kupitisha umeme kwa siku kadhaa: kwenye msuli jibu hupotea kabisa baada ya wiki moja hivi, na kwenye neva za hisia baada ya siku kama 10 au 11. Manyunyu yale ya msuli huanza kusikika baada ya wiki mbili hadi tatu, na kwenye misuli iliyo mbali na jeraha huweza kuchelewa zaidi. Kipimo cha siku ya tatu kitasema neva inaitika vizuri. Familia itafurahi, pesa itakuwa imekwisha, na kipimo cha wiki ya nne, ambacho kingeweza kusema kama neva imekatika au imeshtuka tu, hakitafanyika. Daktari aliyeandika tarehe ya sindano kwenye fomu na kuuliza "je, kuna nyuzi zilizobaki hai?" angempeleka mtoto kwa wakati unaofaa, na katika siku za kusubiri angemwelekeza kwa mtaalamu wa viungo ili kifundo kisikakamae.

Kuna pingamizi zito kuhusu haya yote, na wanaolitoa ni watu ninaowaheshimu. Wanasema mkono wa daktari una upendeleo: huona anachotarajia kuona, huchoka saa tisa alasiri, na hautoi namba ambayo daktari mwingine anaweza kuilinganisha mwezi ujao. Mashine haichoki. Tena wana ushahidi mzuri. Utafiti wa INFIR uliofanywa India kwa wagonjwa wa ukoma, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba mwendo wa umeme kwenye neva za hisia na uwezo wa kuhisi joto viliweza kuharibika wiki 12 au zaidi kabla nyuzi za kupimia mguso hazijagundua chochote. Katika ukoma wiki 12 ni kidole kilichookolewa au kilichopotea. Siwezi kulipuuza jambo hilo, wala sitaki. Ila tazama mashine ile iliwekwa wapi. Iliwekwa kwa watu waliokwisha kutambuliwa kuwa na ukoma, kwa kuangalia ngozi na kupapasa neva zilizovimba, na ikapewa kazi moja yenye mipaka: tuambie neva ipi imeanza kudhoofika ili tuanze dawa mapema. Usahihi wake ulitokana na swali hilo. Mashine hiyohiyo ikielekezwa kwa yeyote mwenye ganzi, bila dhana yoyote, inakuwa hatari kwa sababu ya hesabu ya kawaida kabisa. Mipaka ya "kawaida" hupangwa ili watu wazima wa afya wapatao asilimia 2.5 waangukie nje yake. Ukimfanyia mtu mwenye afya vipimo 10 visivyotegemeana, uwezekano wa angalau kimoja kutoka na kasoro ya uongo ni karibu asilimia 22. Zaidi ya mtu 1 kati ya 5! Kadiri mpimaji anavyokosa la kutafuta, ndivyo anavyopima neva nyingi zaidi, na ndivyo anavyozidi kupata ugonjwa usiokuwepo. Mkono una makosa yake, nakubali. Dawa yake ni kuufundisha, na kuandika nguvu za msuli kwa kipimo cha 0 hadi 5 ambacho kila daktari anaweza kukisoma.

Tena tusisahau madhara makubwa ya neva ambayo kizazi chetu kimeyashuhudia na namna yalivyotambuliwa. Dawa ya stavudini iliokoa maisha ya watu wengi wenye VVU, na iliwaachia wengi wao miguu inayowaka. Waliotambua jambo hili kliniki hadi kliniki hawakuwa na mashine za umeme. Walikuwa na uma wa sauti wenye mitetemo 128 kwa sekunde uliowekwa juu ya kidole gumba cha mguu, nyundo kwa ajili ya kifundo, na maswali kuhusu maumivu na ganzi. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi ziachane na dawa hiyo polepole, madhara hayo yakiwa miongoni mwa sababu. Vivyo hivyo kwa isoniazidi inayotolewa kwa kifua kikuu: inaupunguzia mwili vitamini B6, neva zinaumia, na tiba ni kidonge cha vitamini hiyo kinachopatikana kwa bei ndogo sana. Mgonjwa wa kifua kikuu mwenye ganzi ambaye hakupewa B6 hahitaji mashine yangu ili apone. Anahitaji mtu wa kusoma kadi yake ya dawa. Na kwa mwenye kisukari, uzi wa plastiki wa gramu 10 unaogusishwa kwenye nyayo unatosha kumwambia muuguzi nani yuko katika hatari ya kidonda, jambo ambalo kwa maisha ya mgonjwa ni kubwa kuliko kasi yoyote nitakayompimia.

Wagonjwa wenyewe wana pingamizi lao, na mara nyingi wanalisema waziwazi: daktari aliyeniuliza maswali na kunigonga magoti hajanipima. Mashine ndiyo kipimo. Sidhani wana ujinga wowote katika hili. Wameshapitia vyumba ambako hawakuguswa wala kuulizwa, wakaandikiwa dawa bila kutazamwa usoni. Kwao mashine ni ishara kwamba hatimaye kuna mtu ameuchukulia ugonjwa wao kwa uzito. Lakini kipimo hiki kinauma. Mshtuko unamrusha mtu kidole, sindano inachoma, na mzee wa miaka 70 analala saa nzima akiambiwa "Mzee, legeza mguu, sasa kaza, pole, bado kidogo." Kumpitisha mtu katika maumivu hayo kuna maana tu iwapo jibu litabadilisha kitu: dawa, upasuaji, au uamuzi wa kuacha kutafuta. Nimejifunza kwamba mgonjwa akielezwa hivyo kwa lugha yake, kwamba "tunataka kujua kama neva yako imebanwa hapa kifundoni ili tuamue kama ufanyiwe upasuaji", anavumilia vizuri zaidi, na pale ambapo hakuna cha kuamua anakubali kuambiwa kwamba kipimo hakihitajiki. Heshima anayoitafuta kwenye mashine anaweza kuipata kwenye mazungumzo, endapo mazungumzo yatakuwepo.

Pingamizi linaloniuma zaidi ni la kisiasa. Ukisema mkono unatosha, mtu wa bajeti atakusikia kwa furaha: basi mikoani hakuna haja ya mashine, wabaki na nyundo zao. Hiyo siyo hoja yangu, na yeyote atakayeitumia hivyo ataumiza watu. Kuna magonjwa ambayo bila umeme hayatenganishwi. Kuna mtu ambaye mikono yake inakonda na kudhoofika polepole bila ganzi yoyote. Anaweza kuwa na ugonjwa wa seli za amri unaoua ndani ya miaka michache. Anaweza pia kuwa na ugonjwa mwingine ulioanza kuelezwa katika miaka ya 1980, unaofanana nao sana kwa macho, ambamo umeme hukwama katika sehemu kadhaa za neva na ambao hutibika kwa dawa za kingamwili. Tofauti kati ya hukumu hizo mbili huonekana kwenye skrini. Kuna mtu ambaye kope zinaanguka jioni na sauti inafifia akiongea. Barafu ikiwekwa juu ya kope kwa dakika 2, kope huweza kuinuka, na hiyo ni dalili nzuri, lakini neva ikishtuliwa mara 3 kwa sekunde na majibu yakashuka kwa zaidi ya asilimia 10, kama Harvey na Masland walivyoonyesha tangu mwaka 1941, ushahidi unakuwa wa nguvu. Nataka mashine hizi Mbeya, Mwanza, Mombasa, Kisumu, Gulu na Bukavu, pamoja na watu waliofundishwa kuzitumia. Hata hivyo angalia tena ule umeme uliokwama: hauonekani mpaka neva ishtuliwe hatua kwa hatua, kifundoni, kiwikoni, kwapani, shingoni. Mpimaji aliyepewa fomu ya "mikono dhaifu" atashtua sehemu mbili na kuandika kwamba kasi ni nzuri. Aliyeulizwa "je, umeme umekwama mahali?" atapanda mkono mzima.

Na tunajua kwamba eneo letu linaweza kufanya kazi kwa swali, kwa sababu tayari linafanya. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mguu ghafla popote Afrika Mashariki, mhudumu wa afya anatakiwa kutoa taarifa, kuandika tarehe ya kupooza, kama kulikuwa na homa, kama udhaifu ni wa upande mmoja, na kuchukua sampuli mbili za choo, zikipishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14. Baada ya siku 60 mtoto hutembelewa na kuchunguzwa tena kama bado amepooza. Sampuli husafiri zikiwa kwenye baridi hadi maabara, kama vile ya KEMRI jijini Nairobi au ya Taasisi ya Utafiti wa Virusi huko Entebbe, na maabara inajua kabisa inatafuta nini: kirusi cha polio. Mfumo huo umeingia hadi vijiji visivyo na umeme wa kuwashia taa, na ni mojawapo ya sababu zilizowezesha kanda ya Afrika kutangazwa tarehe 25 Agosti 2020 kuwa haina tena polio ya asili. Fomu yake ina mistari mingi kuliko fomu ninazozipokea, na hakuna mhudumu anayethubutu kuiacha tupu.

Kwa hiyo ninachopendekeza hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Fomu ya kuomba kipimo cha neva ibadilishwe katika kila hospitali ya rufaa. Iwe na mahali pa kuandika kiungo gani na tangu tarehe gani. Nguvu za misuli kwa 0 hadi 5, kulia na kushoto. Magoti na vifundo vinaitika vipi. Mguso, joto na mtetemo vinaishia wapi. Dawa zote anazotumia, za kifua kikuu na VVU zikitajwa kwa majina. Sukari ya damu. Chakula kikuu cha nyumbani katika miezi ya karibuni, hasa kama anatoka sehemu za mihogo michungu. Chini kabisa uwepo mstari mmoja wa swali, na mwingine wa kueleza daktari atafanya nini jibu likiwa ndiyo na atafanya nini likiwa hapana. Karani wa mapokezi apewe mamlaka ya kuangalia mistari hiyo miwili. Ikiwa mitupu, fomu irudi kwa aliyeiandika siku hiyohiyo, kwa simu kama yuko mbali, kabla mgonjwa hajaelekezwa dirisha la malipo.